Jeraha na Haki

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii ina nguvu kubwa katika mabaraza yetu, na mtu aliyeumia akiitamka, ni nadra kupata wa kumjibu. Nani atabishana na maiti? Walakini nataka kubishana nayo kidogo katika kurasa hizi. Sisemi kwamba ni ya uongo. Nasema kwamba aghalabu hutwikwa mzigo ambao haikuumbiwa kuuchukua. Methali yasema kwamba aliyeteswa ayajua mateso. Haisemi kwamba aliyeteswa aijua haki, wala haisemi kwamba awawia watu wote deni lisilokwisha.

Tuseme, kwa mfano, kwamba tuko Kiwangwa, katika njia itokayo Bagamoyo kwenda Msata, miaka ya hamsini ya karne iliyopita. Leo Kiwangwa hujulikana kwa mananasi yake. Tuseme siku hiyo ugomvi ni wa mpaka wa shamba la mihogo. Wazee wameketi chini ya mwembe. Mmoja wa wenye shauri ni mtu aliyekwenda vitani Burma pamoja na Keya, akarudi akichechemea. Mwenziwe hakwenda popote. Yule wa Burma asimama, anyosha fimbo yake, auliza: “Mimi nilipopigwa risasi, huyu alikuwa wapi?” Baraza zima lanyamaza. Ukimya ule ni wa heshima, na heshima ile ni ya haki. Lakini swali la mpaka liko palepale. Mti wa mpaka ulipandwa wapi, na nani aliyeupanda? Risasi ya Burma haikupita karibu na mti ule. Nadhani wazee wenye busara wangempa mtu yule kiti, wangempa maji kabla ya wengine, wangemwuliza hali ya mguu wake, kisha wangeuliza habari za mti.

Shauri dogo namna hii ni rahisi kulikata, maana mti unaonekana kwa macho. Shauri huwa gumu mtu aliyejeruhiwa anapopanda juu zaidi, akawa mwanasheria, mbunge, jaji au waziri. Hapo haombi tena mpaka wa shamba. Ametiwa mkononi mipaka ya maisha ya watu wengine. Jeraha lake lampa nini? Je, lampa macho ya kuona maumivu ya watu, au lampa sauti ya kuwanyamazisha?

Watu wengi hudhani kwamba lampa macho. Hudhani kwamba mateso ni chuo, na aliyetoka humo hutoka na shahada ya huruma. Mimi nilidhani hivyo mpaka niliposoma habari za Oliver Wendell Holmes wa Marekani. Huyu alikuwa ofisa katika jeshi la Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapigwa risasi mara tatu: kifuani mwaka 1861, shingoni mwaka 1862, na kisiginoni mwaka 1863. Aliporudi kwao alisoma sheria Harvard, akawa wakili, kisha jaji katika jimbo la Massachusetts, na tangu 1902 hadi 1932 alikuwa jaji katika mahakama iliyo juu ya mahakama zote za Marekani. Hapana shaka kwamba alikuwa na akili nyingi, na hukumu zake nyingine zilitetea uhuru wa watu kusema wanalofikiri. Basi mwaka 1927 lililetwa mbele ya mahakama hiyo shauri la mwanamke kijana, maskini wa Virginia, jina lake Carrie Buck. Serikali ya jimbo lake ilisema kwamba ana upungufu wa akili, ikataka kumfunga kizazi bila hiari yake. Majaji wanane waliikubalia, mmoja akakataa, na aliyeiandika hukumu ya wale wanane alikuwa Holmes.

Hoja aliyoitumia yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ni hoja ya askari. Alisema kwamba taifa limekwisha kuwataka raia wake walio bora watoe maisha yao; basi lingekuwa jambo la ajabu kama haliwezi kuwataka wale aliowaona kuwa mzigo juu ya nguvu za taifa watoe sadaka iliyo ndogo zaidi. Hebu msomaji asimame hapa kidogo. Damu iliyomwagika vitani imeletwa mahakamani kuwa ushahidi juu ya mwanamke ambaye hakumpiga mtu risasi wala hakupigwa. Maiti za wenziwe Holmes zimesimamishwa kizimbani kushuhudia jambo ambalo hawakuliona wala hawakulifia. Na uchunguzi uliofanywa miaka mingi baadaye ulionyesha kwamba Carrie Buck hakuwa na upungufu wa akili hata kidogo. Mtu aliyechukuliwa akivuja damu kutoka uwanja wa vita, aliyelala akisubiri kujua kama ataishi, alikuwa na kila sababu ya kumjua mnyonge. Hakumjua. Alijua tu kwamba yeye alitoa, akawataka na wengine watoe.

Kwa hiyo jeraha halifundishi kwa nguvu zake lenyewe. Lakini mfano mmoja wa mbali hautoshi, na sisi watu wa Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu zaidi. Mfano huo wanitia mashaka, na kwa hiyo wanipendeza zaidi.

Katika Vita vya Pili vya Dunia walikuwapo marubani wawili wa ndege za vita katika Jeshi la Anga la Uingereza. Wote wawili waliumia katika nchi za Mashariki ya Kati. Wote wawili, vita vilipokwisha, walikuwa wakulima katika Afrika, na wote wawili wakaingia katika siasa. Wa kwanza alikuwa Ian Smith, mzaliwa wa Rhodesia ya Kusini. Mwaka 1943 ndege yake ilianguka Misri, uso wake ukavunjikavunjika, madaktari wa Cairo wakaujenga upya. Na alipopona alirudi kuruka, akaangushwa tena Italia mwaka 1944. Wa pili alikuwa Derek Bryceson, aliyezaliwa China mwaka 1922. Yeye alikuwa hajaruka muda mrefu ndege yake ilipopigwa ikaanguka, naye akiwa na umri wa miaka 19. Uti wake wa mgongo uliumia, na madaktari walimwambia kwamba hatatembea tena. Alijifunza kutembea kwa fimbo moja, mguu mmoja ukisogea kwa nguvu kidogo iliyobaki katika paja, na wa pili akiutupa mbele kwa kuzungusha nyonga. Alisoma kilimo katika chuo cha Cambridge, akaja Kenya, kisha Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya hamsini, akalima ngano kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Lau mtu angewaona wawili hawa mwaka 1952, kila mmoja katika shamba lake, nani angeweza kutabiri kwamba mmoja atakwenda huku na mwingine kule? Rangi yao ilikuwa moja, vita vyao vilikuwa vimoja, na maumivu yao, kama maumivu hupimwa, yalikaribiana. Tofauti yao haikutoka katika majeraha. Ilitoka katika namna kila mmoja alivyoyatumia, na zaidi katika namna nchi aliyokuwamo ilivyomruhusu kuyatumia.

Tazama mwaka 1965. Siku ya tarehe 11 Novemba Smith, akiwa Waziri Mkuu, alijitangazia uhuru wa Rhodesia ili utawala usiwaendee Waafrika walio wengi. Siku ile ndiyo Waingereza huwakumbuka askari wao waliokufa vitani, wala siku hiyo haikuangukia hapo bure. Katika tangazo lenyewe walitaja, kwa pumzi moja, utii wao kwa ndugu zao wa damu walioko Uingereza na utayari wao wa kumwaga damu katika vita viwili vya dunia. Katika lugha yetu neno “damu” lina njia mbili: damu iliyomo mishipani, ndiyo ukoo; na damu iliyomwagika, ndiyo sadaka. Tangazo lile lilizishika njia zote mbili pamoja, likazifanya hati ya kumiliki nchi. Wamekufa watu wetu, basi nchi ni yetu. Ni hoja ya yule mzee wa Kiwangwa, ila mzee alitaka mihogo tu.

Miezi miwili kabla yake, Septemba 1965, Bryceson aliomba kura Dar es Salaam. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, na chama cha TANU kilisimamisha watu wawili katika majimbo mengi, mmoja akipewa alama ya jembe na wa pili alama ya nyumba. Mpinzani wake alikuwa Mwafrika, na wapiga kura walio wengi sana walikuwa Waafrika. Uchaguzi ule haukuwa wa mzaha. Mawaziri waliangushwa, naye Paul Bomani, mtu mkubwa katika ushirika na katika serikali, alikuwa miongoni mwao. Bryceson alishinda kwa kura nyingi.

Ingekuwa rahisi kuifanya habari hii hadithi nzuri ya Mzungu mwema na watu wema, na kuiacha hapo. Sipendi kuiacha hapo. Yatupasa tuulize kwamba Bryceson aliwaambia nini wapiga kura wale ambacho Smith hakuwaambia Waafrika wa Rhodesia. Jibu langu ni kwamba jambo kubwa ni lile ambalo hakuweza kuwaambia. Hakuweza kusema, “Niliumia kwa ajili yenu.” Vita alivyoumia havikuwa vya Kinondoni wala vya Ilala. Jeraha lake, mbele ya wapiga kura wale, halikuwa na thamani ya senti moja. Ilimlazimu aseme habari za pamba, za mbegu, za maji, za kazi aliyoifanya katika wizara alizozishika, ikiwamo ya Afya na ya Kilimo. Na ilimlazimu aseme mbele ya mpinzani aliyekuwa na haki sawa na yake ya kusema. Alikuwa ni mtu aliyevuliwa dai. Nadhani kuvuliwa dai ni bahati kubwa kwa mtu wa namna hii, ingawa ni bahati chungu.

Hali hiyo haikujitokeza yenyewe. Ilitengenezwa na watu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ama karatasi yake iharibike. Wengi katika TANU walitaka kuususia, nao walikuwa na sababu. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikata shauri kuingia. Kwa kuwa chama sharti kiunge mkono na wagombea wasio Waafrika, Bryceson alipata kiti katika Jimbo la Kaskazini kwa nguvu ya chama ambacho, kwa katiba yake ya siku zile, kisingeweza kumpa kadi. Milango ya TANU haikufunguliwa kwa watu wa rangi zote mpaka 1963. Kwa muda huo wote alikuwa mshirika aliyesimama mlangoni, na tangu Julai 1959 waziri aliyesimama mlangoni. Nafikiri si watu wengi wenye nishani za vita ambao wangevumilia kusimama hapo.

Tena Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Baraza lilijadili sheria ya uraia. Walikuwapo wajumbe waliotaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa ukali usio wa kawaida yake, akawalinganisha na Hitler na Verwoerd, akasema kwamba serikali itajiuzulu kama sheria ikishindwa. Watu hulikumbuka jambo hili kuwa ni ukarimu kwa Wazungu na Wahindi. Mimi naliona zaidi kuwa ni kuikataa hoja ya damu, ile ya kwanza ya mishipani. Na nchi iliyoikataa damu ya kwanza yaweza kwa urahisi zaidi kuikataa na ya pili. Kama ukoo si hati ya haki, basi na jeraha si hati.

Desemba 1965 serikali ya Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu Uingereza ilikataa kumzima Smith. Katika serikali hiyo Bryceson alikuwa waziri. Yaani rubani mmoja aliyevunjika mgongo akiwa na sare ya Uingereza alikaa katika baraza la mawaziri lililoikasirikia Uingereza kwa kumwachilia rubani mwingine aliyevunjika uso akiwa na sare ile ile. Sijui kama historia ya nchi zetu ina kitendawili kilicho kikali kuliko hiki.

Sasa nije kwenye mashaka niliyoyataja, maana msomaji mkali amekwisha kuyaona. Je, ni kweli kwamba jeraha la Bryceson halikumpa kitu? Shamba lile la Kilimanjaro lilitoka wapi? Siku zile serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwafungulia Wazungu ardhi nzuri, na mwaka 1951, si mbali na hapo, iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi. Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kulilia ardhi ile. Bryceson hakuwatoa Wameru. Walakini mlango alioingilia ulifunguliwa na mkono ule ule. Heshima tunayompa kwa aliyoyafanya baadaye haifuti jambo hili, na asiyetaka kulitaja hafai kumsifu.

Na mashaka ya pili ni mazito zaidi. Nikisema kwamba jeraha si hati ya haki, nimemnyang'anya nini askari wa Keya? Watu wetu walikwenda Abisinia, wakaenda Madagaska, wakaenda Burma, wakafa katika matope ya bonde la Kabaw mwaka 1944. Waliorudi walikuta nchi ile ile na bwana yule yule. Kura zilipokuja mwaka 1958, ili mtu aandikishwe ilimpasa awe amefika darasa la nane, au awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo kilichotajwa katika sheria. Kuchechemea hakukuwamo katika orodha. Mtu aliyeacha vidole vyake Burma, kama hakuwa na darasa la nane wala pauni 150, alitazama wengine wakipiga kura. Je, si vema angalau huyu aseme, “Nilimwaga damu, nipeni haki yangu”?

Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu, na naona kwamba yampasa aseme, ila tupambanue vitu viwili vilivyofungwa pamoja katika sentensi yake. Yako malipo ya jeraha: matibabu, pensheni, mguu wa mti, kiti cha kwanza barazani. Hayo ni deni halisi la yule aliyempeleka vitani, na deni hilo kwa wengi halikulipwa sawasawa. Na iko haki ya kutawala nchi yake pamoja na wengine. Hii hakuinunua Burma. Alikuwa nayo kabla ya kupanda meli. Kama tukikubali kwamba aliipata kwa damu, basi ndugu yake aliyebaki Kiwangwa akilima hana, na mama yake hana, na Smith anayo mara mbili. Mkoloni alimdhulumu askari kwa kumnyima kura. Lakini alimdhulumu kwa njia ile ile alivyomdhulumu yule ambaye hakwenda kokote.

Nakiri kwamba maneno haya ni rahisi kuyaandika mtu akiwa mzima wa viungo. Naye mwenye jeraha anayo elimu ambayo mimi sina. Waziri wa Afya anayetembea kwa fimbo moja akiingia hospitali ajua vidato vya mlangoni vina urefu gani, na ajua ngoja ya benchi ina urefu gani, bila kuambiwa na mtu. Elimu hiyo ni ya kweli na yafaa nchi. Holmes alikuwa nayo vilevile, akaifukia chini ya fahari ya vita. Elimu ya maumivu huwa kama kisu cha jikoni, hakichagui kitakata nini.

Bryceson aliondoka katika uwaziri, akawa mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa tangu 1972, akamwoa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, mwaka 1975. Alifariki Oktoba 1980. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule nchi ya Smith ilikuwa imekwisha kuitwa Zimbabwe, baada ya vita vilivyoua watu wengi na kuwaacha maelfu na majeraha mapya, kila mmoja na dai lake mkononi. Smith mwenyewe aliishi mpaka 2007.

Lakini mimi hupenda kurudi kwenye siku zile za Septemba 1965. Masharti ya darasa la nane na pauni 150 yalikuwa yameondolewa, na kila raia aliyetimiza miaka 21 alikuwa na kura. Si ajabu hata kidogo kama katika mstari mmoja wa Dar es Salaam alisimama mtu aliyerudi kutoka Burma akichechemea, na karatasi aliyopewa ikawa na jina la mtu aliyechechemea kutoka Mashariki ya Kati. Msimamizi hakumwuliza kilema chake alikipata vita gani. Alimwuliza jina, akalitafuta katika daftari, akampa karatasi, naye akaingia nyuma ya pazia kutazama jembe na nyumba.